Kuku wa Shukrani Asichinjwe Kwanza

Zahanati ya Busawe,
Mwezi wa Saba, 1956.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa asubuhi zote ambazo sikuwapo mlangoni kwako kukuamkia.

Shemeji Robi, najua ni wewe unayesoma, na najua huwa unaruka mistari ukisikia chungu kinachemka. Leo usiruke. Na kabla hujaendelea, mwambie Mama asimchinje kuku aliyekuja na barua hii. Asimchinje wala asimpe mtu mpaka umefika mwisho. Yumo kwenye tenga la Mgesi, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye nimemwomba apite hapo Nyamwaga akielekea mpakani. Mpeni Mgesi uji. Amesema atavuka Mto Mara akiwa na tenga kichwani, na amenitaka niwaandikie hivyo ili mjue alivyohangaika.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma uipake baada ya kulikanda kwa maji ya moto, si kabla. Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na Ghati, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Kila usiku nikifunga mlango najiuliza hilo la meno, sijui kwa nini.

Mimi ni mzima. Mafua ya vumbi yamekwisha. Huku Busawe watu ni wema, ingawa wanacheka Kikurya changu. Lugha yao iko karibu na yetu lakini si yetu, kwa hiyo naweza kumwambia mgonjwa anyooshe mguu naye akafungua kinywa. Wagonjwa ni wengi. Kuna vidonda, kuna macho, kuna homa, na tangu sindano za buba zianze watu wanatoka hata Nyambureti, wanalala nje ya zahanati ili wawahi. Nachemsha sindano kuanzia alfajiri. Mikono yangu imekuwa ya zambarau kwa dawa, na rangi haitoki kwa sabuni.

Sasa nikuambie habari yenyewe, Mama, maana mwezi huu wote moyo wangu ulikuwa juu kama mtu aliyesikia fisi karibu na zizi.

Unakumbuka nilikueleza kwamba mimi hapa ni msaidizi tu, na kwamba dresa mwenyewe, yule mkuu wa kuosha vidonda na kugawa dawa, aliondolewa. Aliondolewa kwa sababu ya kuku. Mgonjwa akija na kuku alioshwa kidonda kwanza, na asiye na kuku alikaa juani mpaka jioni. Habari zilifika bomani, naye akaambiwa akabidhi funguo. Nafasi yake ikabaki wazi, na pamoja na nafasi kuna nyumba. Ni vyumba viwili, nyuma ya zahanati, paa la bati, na dirisha linalotazama njia. Msaidizi hapewi nyumba. Mimi nalala kwenye stoo ya dawa, na hapo siwezi kumlaza mtoto.

Kwa hiyo nilipoitwa bomani kuulizwa maswali ya kazi ile, sikuwa nawaza cheo. Nilikuwa nawaza kona ya chumba cha pili, mahali nitakapotandika mkeka wa Ghati.

Aliyeniuliza ni Bwana Mganga, yule anayesimamia zahanati zote za upande huu. Ni mtu wa mbali, wa kusini, hajui hata neno moja la kwetu. Ana suti ya kaki iliyopigwa pasi, na hacheki. Aliniuliza jinsi ya kuosha kidonda chenye funza, jinsi ya kuchemsha sindano, na mtu akizimia nafanyaje. Nilijibu. Halafu akauliza, "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Karani wetu hapa Busawe, anayeitwa Zakayo, alikuwa amenifundisha jibu la kusema. Likapotea. Nikamwambia mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto wa pili naye hakupona, njia ilikuwa maji matupu, na katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya damu isimame.

Bwana Mganga aliweka kalamu chini. Akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Nyangi, bwana."

"Nyangi," akasema polepole, akilitamka kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. "Pole." Kisha akaichukua kalamu, tukarudi kwenye sindano.

Mama, tangu tumzike pale nyuma ya migomba, watu wamenipa pole nyingi, na za ukweli. Lakini huku kazini wanasema marehemu, au mke wa Marwa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza jina.

Nikarudi Busawe na jambo hilo moyoni. Zakayo aliponiona akaniambia, "Sasa kaa uandike asante."

"Asante ya nini? Hawajanipa kazi."

"Ndiyo adabu ya maofisini. Mtu akikuuliza maswali, unamwandikia kumshukuru. Usipoandika atasema huyu ametoka porini."

Mimi nilitaka kuandika, ila si kwa sababu ya adabu ya maofisini. Nikaandika mistari yangu michache. Zakayo akaisoma, akacheka puani. "Hii ni barua ya kanisani. Nipe kalamu." Akaandika ya kwake, akanisomea, nami nikainakili. Yalikuwa maneno mazuri, marefu, nilitoka jasho kuyaandika bila kufuta.

Nikamwuliza, "Na barua inakwenda peke yake?"

"Ulitaka iende na nani, na shangazi yako?"

Lakini Mama, wewe unajua. Unakumbuka ng'ombe wetu alipozama kwenye tope la mto, jirani akaja na wanawe wakamvuta mpaka usiku? Asubuhi Baba alinipa kuku mikononi akaniambia, "Peleka. Ukifika usiseme sana, kuku atasema." Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kumtumia mtu karatasi tupu na kuiita shukrani, niliona ni sawa na kumkaribisha mgeni kisha nikampa kisahani kisicho na kitu.

Nilikuwa na kuku watatu, wa uzao wa yule wa madoadoa ambaye Nyangi alikuja naye kutoka kwao alipoolewa. Nikachagua mtetea aliyenona. Chini ya maneno ya Zakayo nikaongeza mstari wangu mmoja, "Pokea na hiki kidogo." Nikampa tarishi anayekwenda na lori la pamba, barua mkono mmoja na kuku mkono mwingine. Tarishi alinitazama sana.

Jibu lilirudi na lori lilelile. Lilikuwa fupi. Nifike bomani bila kukosa, nieleze habari ya kuku.

Nilimpelekea Zakayo. Akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili.

"Kuku gani?"

"Kuku wa asante."

"Marwa. Mimi nilipokusomea barua, ulisikia mahali nimetaja kuku?"

"Hapana."

"Yule aliyekutangulia alifukuzwa kwa nini?"

"Kwa kuku."

"Na wewe umempelekea nani kuku?" Akakaa kwenye sanduku la dawa, akajishika kichwa. "Ukiulizwa nani aliandika yale maneno, mimi sikujui. Hata salamu usinipe kwa wiki mbili."

Sikulala, Mama. Nilipanda juu ya mizigo ya pamba kabla jua halijachomoza, na njia nzima sikuweza kumeza hata kipande cha kiazi. Nilikuwa nakiona kile chumba, na dirisha, na kona, kisha nawaona watu wengine wanahamia humo na vyungu vyao.

Ofisini kwa Bwana Mganga kuna benchi nje, mlangoni. Chini ya benchi lilikuwapo sanduku la karatasi lililokuwa la bandeji, na ndani ya sanduku alikuwa kuku wangu. Tarishi mzee wa pale, ambaye naona ni mtu wa Tarime kwa alama zake na kwa ulimi wake, alinisogelea akaninong'oneza kwa Kikurya, "Huyo ndiye mshitakiwa mwenzako. Jana ametaga. Rushwa yako imeanza kuzaa."

Nilijaribu kucheka, midomo ikakataa.

Tukaitwa ndani, mimi na sanduku. Kuku alikuwa hatulii, anakwaruza karatasi, na mimi nikiwa na hofu nilifanya kitu bila kufikiri. Nikagonga sanduku taratibu kwa ncha za vidole, kama Nyangi alivyokuwa akigonga ungo jioni kuwaita kuku wake. Akatulia. Nilipoinua macho, Bwana Mganga alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Huyu ni kuku wa nani?" akauliza.

"Alikuwa wangu, bwana. Sasa ni wako."

"Si wangu."

"Ndiyo, bwana."

"Kama si wangu, ni wa nani?"

Akaichukua barua yangu, akaisoma kwa sauti. Mama, maneno yale yaliyokuwa mazuri kwenye meza ya Zakayo, mle ofisini yalinuka. "Naweka tumaini langu lote mikononi mwako, nikijua mkono wako si mzito kwa mnyonge. Pokea na hiki kidogo." Aliposoma hilo la mwisho, ambalo ni langu mwenyewe, akaiweka karatasi mezani akalaza kiganja juu yake.

"Nimefukuza mtu kwa ajili ya kuku," akasema. "Halafu anayetaka nafasi yake ananiletea kuku. Unadhani mimi ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema, bwana."

"Usinijibu kama barua yako."

Akatazama nje ya dirisha, kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Sikiliza. Mchukue kuku wako uondoke naye. Nitaichana hii karatasi, na tutasema hakuna kilicholetwa. Hapo labda naweza kulitazama jina lako tena."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, Mama. Ilibaki kuinama tu na kulibeba sanduku. Niliinama kweli. Nililishika. Na mkono ukakataa kuinuka. Nilimsikia Baba akisema kuku wa shukrani akirudishwa, aliyerudisha amesema sitaki kukujua, na aliyepokea amekubali kwamba hamjuani. Nikasimama mikono mitupu.

"Siwezi, bwana."

"Huwezi nini?"

"Kumrudisha. Kwetu ni vibaya. Ni bora umchinje, au umpe wagonjwa, au umtupe. Lakini mimi kumchukua, siwezi."

"Hata kama ni kazi yako?"

Niliiona ile kona ya mkeka. Nakwambia ukweli, niliiona. "Hata hivyo, bwana. Mkono hauendi."

Kuku aligeuka ndani ya sanduku akalala tena. Halafu akauliza, si kwa ukali, ila kama mgonjwa anapoulizwa panapouma, "Wewe unanishukuru nini hasa? Kazi sijakupa."

Nikamwambia, "Uliniuliza jina la mke wangu."

Alichukua karatasi nyeupe na kalamu, akanisukumia. "Hii niliyosoma si barua yako. Nenda ukae pale nje uandike ya kwako."

Nikakaa kwenye benchi. Tarishi mzee akaniuliza wameniua au bado, nikamwambia bado. Nikaandika mstari mmoja tu, kwa kuwa sikuwa na mwingine: "Bwana, nakushukuru kwa kuniuliza jina la mke wangu Nyangi, na kwa kulitaja." Nikaweka jina langu.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye faili. Ile ya Zakayo akaichana.

"Jina lako lilikuwa la kwanza," akaniambia. "Kuku alipofika nikalifuta. Sasa nitakwenda kwa wenzangu wa kamati niwaeleze mwenyewe, na habari ya kuku nitawaeleza, kwa sababu wataisikia hata nisiposema. Wakikataa, usinilaumu. Kaa hapo."

Nikakaa hapo mpaka jua likahama kutoka upande mmoja wa benchi hadi mwingine. Tarishi alinipa muhogo, nikaushika mkononi mpaka ukapoa. Nilisikia sauti ndani, mmoja akicheka, mmoja akisema hapana, hapana. Bwana Mganga alipotoka uso wake ulikuwa vilevile kama alivyoingia, sikuweza kuusoma.

Wamenipa, Mama. Kwa majaribio ya miezi mitatu. Na siku kuku wa mgonjwa atakapoonekana uani kwangu, nitakabidhi funguo siku hiyohiyo, bila kuulizwa.

Nilipotaka kuaga akauliza kama nina mtoto. Nikamwambia ninaye mmoja, wa kike, anaitwa Ghati, analelewa na mama yangu. Akalisogeza lile sanduku kwa mguu mpaka karibu na wangu. "Ulinipa mimi, na mimi nimempokea," akasema. "Sasa ni wangu. Na mtu akiwa na kuku wake anaweza kumpa anayetaka. Mpelekee Ghati. Mwambie ametoka kwa mganga." Kisha akarudi ndani, nami ndipo nikajua kwamba alikuwa ameelewa.

Huyo ndiye kuku aliye kwenye tenga la Mgesi.

Usidhani mambo yamekuwa mepesi. Juzi bibi mmoja wa hapa Busawe, ambaye nimemwosha mguu tangu masika mpaka ukafunga, alikuja na jogoo mwekundu. Nikamwambia, "Bibi, siwezi kumpokea, nishukuru kwa maneno." Akanitazama kuanzia miguuni. "Maneno hayatagi," akasema. Nikamwambia hata jogoo hatagi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliondoka na jogoo wake kwapani, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyekataliwa salamu. Jana kidonda cha mjukuu wake kilikuwa cha kufunguliwa, hawakuja. Leo jioni nikifunga zahanati nitakwenda mwenyewe, na bandeji mfukoni. Sijui watanikaribisha. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyeniuliza nilipokuwa naulizwa maswali.

Sasa Mama, linalobaki ni zito, na nimelizungusha mpaka hapa kwa kuogopa. Nyumba nimepewa. Nimeshafagia, nimeziba tundu la panya, na mkeka nimenunua. Naomba unipe Ghati. Maji ya Mara yakipungua, Kaka Chacha amlete, au nije mimi wakiniruhusu. Kuna mke wa mwalimu hapa, mtu wa Nyamwaga, atakaa naye nikiwa kazini, na shule iko karibu.

Najua ninachokuomba. Alipokuja kwako alikuwa bado anamng'ang'ania kila mwanamke akidhani ni mama yake, na wewe ulimfunga mgongoni ukalima naye. Ukisema abaki kwanza, nitasubiri. Ila useme kweli, usiseme "sawa" kwa ajili yangu. Mwambie shemeji aandike kama unavyosema, hata kama ni kunigombeza.

Nisalimie Kaka Chacha, mwambie asiuze ndama kabla hatujazungumza. Nisalimie Baba Mdogo anayepiga kengele ya kanisa, na mama mkwe wangu akija kuchota maji upande huo, mwambie kuku wa uzao wa kwao wangali wapo. Nawe shemeji Robi, asante kwa kusoma. Hiyo asante ni ya maneno tu. Ya mikono utaidai nikifika.

Nimepitia barua hii tangu juu, Mama, nikaona hakuna popote nilipokushukuru. Si kwamba nimesahau. Ni kwamba kuku aliyekuja nayo ni wa Ghati, kwa hiyo kwako barua inakwenda peke yake.

Mimi mwanao,
anayechemsha sindano na kukuwaza,
Marwa.

Shemeji, hapa simama. Haya yanayofuata mchukue Ghati mkasomee nyuma ya ghala, wawili tu, Mama asisikie.

Ghati mwanangu, kuku huyu ni wako, umepewa na mganga. Anatokana na kuku wa mama yako. Ukitaka aje, usimfukuze. Gonga ungo kwa ncha za vidole, hivi, taratibu, naye atakuja. Kaa naye, umzoee. Halafu siku ya kuondoka kuja huku, ukishavaa na ukishaaga wote, mchukue kwa mikono miwili umpe bibi yako. Usiseme sana.